Barua ya wazi kwa vijana wangu mliotundika njumu juzi na kukimbilia benchi la ukocha

Wanangu,

Nawaandikia hasira ikiwa bado kichwani. Najua mwenye hasira hafai kushika kalamu, ila nikingoja ipoe nitasamehe, na hili sitaki kulisamehe kabla sijalisema.

Mnajua yaliyotokea Jumamosi ile. Waliokuwepo waliona, wasiokuwepo waliletewa. Fainali ya watoto wa chini ya miaka 13, jua la saa tisa, mchanga unachoma hadi mbwa wanakataa kuvuka. Mwenzenu mmoja ndiye aliyekuwa kocha wa upande wa kaskazini. Simtaji jina, maana mama yake ni jirani yangu na bado tunaazimana vyombo. Kipa wake, mtoto wa gredi ya sita, mpira ukampita katikati ya miguu. Kocha akamtoa pale pale na kumwambia mbele ya umati, "Wewe ni bure kabisa." Mtoto akaenda kukaa chini ya mwarobaini, akavua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka kando kama anayerudisha vitu vya watu.

Ingekuwa hilo tu ningemvuta kando nikamaliza naye. Mapumziko yalipofika simu yake ikalia. Akazungumza kwa Kiingereza, akatazama saa, akapanda boda boda, huyo akaenda. Baadaye tukasikia ameitwa na timu kubwa kuzungumzia kazi ya kocha msaidizi. Kipindi cha pili watoto wakacheza kama kondoo wasio na mchungaji, hadi mama mmoja muuza mahamri alipoweka ndoo yake chini na kuanza kupanga nani aingie nani atoke. Nami Mungu ni shahidi, alipanga vizuri. Kwanza alimrudisha yule kipa.

Jumatatu mwenzenu akaweka picha kwenye kundi letu, amevaa koti, ameshika faili. Nikahesabu: watu 21 mliandika hongera. "Umetoka mbali, kocha." Ametoka wapi? Ametoka kwenye mapumziko ya mechi ya watoto! Usiku ule sikulala. Yeye ni mmoja, ninyi ni kundi zima, na kundi ndilo lililompigia makofi. Basi barua hii ni yenu nyote.

Nitawasimulia habari za mtu mmoja ambaye tumezaliwa mwaka mmoja, 1958. Mimi hapa Malindi, yeye Grugliasco, kiungani mwa Torino. Jina lake Gian Piero Gasperini, kocha wa mpira. Wengi wenu mlimfahamu usiku wa Mei 22, 2024, pale Dublin, Atalanta aliyokuwa akiifundisha, timu ya Italia, ilipoichapa Bayer Leverkusen ya Ujerumani 3-0 kwenye fainali ya Europa League, kombe la pili kwa ukubwa la vilabu vya Ulaya. Ademola Lookman alifunga yote matatu, na Leverkusen walikuwa hawajaonja kushindwa kwa mechi 51. Tulikuwa pamoja kwenye kibanda cha kutazamia mpira. Mmoja wenu akamwona yule mzee wa mvi akirushwa juu na wachezaji, akaniuliza, "Mzee, huyu alikuwa wapi siku zote?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kelele zilikuwa nyingi. Leo nina nafasi.

Mimi nilimjua kwa mpishi. Ninyi mnaijua Malindi yetu na Waitaliano wake. Walianza kuja miaka ya 1960 na mitambo ya San Marco kule Ngomeni, walipokuwa wakirusha setelaiti kutoka majukwaa ya baharini. Nyuma yao wakaja wa hoteli, wa nyumba za likizo, wa piza na aiskrimu, hadi leo kuna watoto wa ufukweni wanaosema "ciao" kabla ya "jambo". Mwaka 1987 goti langu lilikuwa limekwisha kunistaafisha mpira, nami nikawa naosha masufuria katika jiko la hoteli moja. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa Pescara, mji wa pwani kama wetu, upande wa Adriatiki. Wageni walioshuka na ndege walimletea lile gazeti la michezo la rangi ya waridi, la siku mbili tatu nyuma, akalisoma kwa sauti huku akikoroga sosi. Siku moja mwezi wa Septemba alinikumbatia na mikono yake imejaa unga. Pescara, wamepanda daraja juzi tu, walikuwa wameifunga Inter ya Milano 2-0 kwenye uwanja wao wa San Siro, mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Nikauliza kapteni wao ni nani. Akasema Gasperini, akaongeza, "Ana miaka 29 na ndiyo kwanza anaiona Serie A," yaani ligi kuu yao.

Miaka 29. Wakati huo ninyi mnaanza kuitwa wazee na kutafuta timu ya maveterani.

Yule mtu alilelewa na Juventus, timu kubwa ya Torino, tangu ana miaka tisa, uwanja mmoja wa vijana na Paolo Rossi, yule aliyekuja kufunga mabao sita na kuipa Italia Kombe la Dunia la 1982. Rossi akaenda kwenye utukufu, Gasperini akaenda Reggiana. Kutoka Reggiana hadi Palermo, misimu mitano. Mwaka 1979 Palermo hiyo ya Serie B, daraja la pili, ilifika fainali ya Coppa Italia, kombe la taifa lao, na wapinzani wakawa nani? Juventus, waliomlea. Palermo walitangulia kwa bao la dakika ya kwanza, wakalilinda hadi karibu na mwisho, likasawazishwa, wakapigwa 2-1 katika muda wa nyongeza. Kisha Cavese, kisha Pistoiese, kisha Pescara, kisha Salernitana, kisha Vis Pesaro. Hesabuni hiyo miji kwa vidole. Hakuna bango lake ukutani kwa mtoto yeyote, na jezi ya timu ya taifa ya wakubwa hakuivaa. Alikuwa kiungo wa kuhamahama, anayefungasha sanduku kila baada ya miaka michache, wa aina ambayo Italia inayo kwa mamia. Bahati yake ilikuwa kupita Pescara mikononi mwa Giovanni Galeone, kocha aliyependa kushambulia hata pale akili ilipomwambia arudi nyuma. Miaka michache baadaye akapita hapo kwa Galeone kiungo mwingine wa kuhamahama, Massimiliano Allegri, ambaye benchi lake la kwanza la ukocha lilikuwa Aglianese, Serie C2, daraja la nne, mwaka 2003. Mnamjua Allegri kwa mataji ya Juventus. Aglianese hamuijui, na ndipo nilipotaka mfike.

Gasperini alipotundika njumu hakupiga picha na koti. Mwaka 1994 alirudi Juventus akapewa watoto. Nasema watoto, wanangu, wale wa miaka kumi na minne hivi wanaoitwa Giovanissimi, kisha wakubwa wao kidogo, Allievi, na mwishowe Primavera, vijana wanaochungulia mlango wa timu ya kwanza. Mnadhani alikaa nao msimu mmoja, apate mstari wa kuandika kwenye wasifu wake? Miaka tisa! Aliingia ana miaka 36, akatoka ana 45. Na aliondoka baada ya kushinda nao mashindano ya vijana ya Viareggio mwaka 2003, hakutoka mapumzikoni kwa boda boda.

Hapa lazima nikae kidogo, mnivumilie, maana hili ndilo linaloniuma.

Mnadhani kufundisha watoto ni adhabu. Mmoja wenu aliniambia uso kwa uso, "Mzee, mimi nimecheza ligi kuu, unipe watoto wa kukimbiza vipepeo?" Sikumjibu siku ile. Jibu ni hili: mchezaji mkubwa atakuficha. Ukimwambia neno la kijinga atalitafsiri mwenyewe, atafanya lile analojua, timu itashinda nawe utajiona kocha. Mtoto hakufichi. Ukisema "finya nafasi" anakutazama. Ukisema "cheza kati ya mistari" anatafuta mistari ya chokaa. Hapo unagundua kwamba miaka kumi umecheza mpira kwa miguu na hujawahi kuufikiria kwa maneno.

Nilikuwa na mtoto mmoja, sasa ni fundi seremala mwenye watoto wake, ambaye kushoto na kulia havikumkaa kichwani. Nilimfokea wiki mbili. Wiki ya tatu marehemu mke wangu, aliyekuwa akinisikia tangu uani, akaniambia, "Kwani uwanja hauna msikiti?" Nikaacha kusema kulia na kushoto. Nikawa nasema upande wa msikiti, upande wa bahari. Yule mtoto akawa winga wangu bora wa mwaka ule. Tulipocheza ugenini Mombasa alisimama katikati ya uwanja akaniuliza kwa sauti msikiti uko wapi, watu wakacheka, nami nikajua kwamba kazi yangu haijaisha: nimemfundisha uwanja wetu, sijamfundisha mpira. Mambo kama hayo hayafundishwi kwenye kozi ya siku kumi na nne. Yanafundishwa na mtoto anayekutazama kwa macho makavu.

Sasa mtazameni Gasperini tena. Timu zake hukaba mtu kwa mtu, uwanja mzima: huyu ni wako, mfuate hata akienda kunywa maji. Wataalamu wanaandika kurasa kuhusu hilo. Mimi naona pale kocha aliyekaa miaka tisa akitafuta maneno ambayo mtoto anayaelewa. Inawezekana nakosea. Lakini mimi nimefundisha watoto miaka thelathini, na sentensi ya "huyu ni wako" ninaijua ilikozaliwa.

Waitaliano wana neno, gavetta. Ni kile chombo cha bati ambacho askari wa kawaida hutilia chakula chake kambini, wakati afisa anakula kwenye sahani. Aliyepanda kutoka chini kabisa husemwa kuwa amefanya gavetta. Mpishi wangu kila alipolitamka alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko. Sisi tunalo letu, tena tamu zaidi, ila tumesahau maana yake: kidato. Kabla kidato hakijawa cha shule, kilikuwa lile pengo analolichonga mkwezi kwenye shina la mnazi apate pa kukanyagia. Nendeni kwa wagema wetu mkawaulize ni nani kati yao huanza kuchonga kidato cha juu.

Kidato cha pili cha Gasperini kilikuwa Crotone, Serie C1, daraja la tatu, kule Kalabria, kwenye wayo wa kiatu cha Italia. Mwaka 2004 aliwapandisha Serie B kwa mechi za mtoano. Msimu uliofuata wakamfukuza, kisha wakamwita tena. Mwaka 2006 akaenda Genoa, timu iliyokuwa imetoka tu kwenye Serie C1, na 2007 wakapanda Serie A pamoja na Juventus na Napoli. Kwa hiyo aliingia Serie A kama kocha akiwa na miaka 49. Mwaka 2009 Genoa ikamaliza nafasi ya tano. Tayari ninasikia mnasema, enhe, basi hapo akafika.

Hakufika. Mwaka 2011 aliitwa Inter, moja ya majina makubwa kabisa. Mechi tano: sare moja, vipigo vinne, cha mwisho 3-1 kwa Novara waliokuwa wamepanda daraja mwaka huo. Kesho yake akafukuzwa. Mwaka uliofuata akaenda Palermo, kwa rais Maurizio Zamparini, ambaye Waitaliano walimpa jina la "mla makocha". Sikilizeni msimu mmoja wa mtu huyo. Alianza na Sannino. Akamfukuza baada ya mechi tatu, akaleta Gasperini. Februari 2013 akamfukuza Gasperini, akaleta Malesani. Malesani akatoka sare tatu, akafukuzwa, akarudishwa Gasperini. Machi Gasperini akafukuzwa tena, akarudishwa Sannino, yule yule wa kwanza. Na mwisho wa msimu Palermo ikashuka daraja.

Mnacheka. Msicheke sana, kwa sababu hapa kwetu akina Zamparini wako kila kona, na yule angalau alikuwa analipa mishahara. Huyu wetu ananunua jezi seti moja yenye uso wake kifuani mwaka wa uchaguzi, halafu anadai ubingwa. Timu inapoteza mechi mbili, mashabiki wanataka kichwa cha kocha, kamati inakutana kwenye baa, na kocha anaarifiwa na mtunza vifaa. Nayajua haya kwa mwili wangu. Nikiwa na miaka arobaini nilifanya kile kile mnachotaka kufanya ninyi: niliacha watoto wangu katikati ya msimu nikaifuata timu moja ya wakubwa huko nje, sitaitaja. Mechi nne. Ya nne haijapoa, kijana wa mipira akaniletea karatasi iliyokunjwa mara mbili. Niliporudi Malindi nilikuta watoto wangu wametawanyika, wengine hawakurudi mpirani kabisa. Mmoja wao nilimwona juzi sokoni. Aliniita "bwana", hakuniita "kocha". Hilo sijalisamehe, na mwenye kosa si ile timu.

Kwa hiyo sisemi kwamba vidato vinamlinda mtu asifukuzwe. Gasperini alikuwa navyo vyote na bado Inter walimtupa baada ya mechi tano. Ninachosema ni kwamba alipoanguka alikuwa na pa kushika. Alirudi Genoa, akafanya kazi kimya kimya hadi 2016.

Mtanipinga kwa Andrea Pirlo, na ni haki yenu, wacha niwatangulie. Pirlo, kiungo bingwa wa dunia wa 2006, fundi ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namtazama mdomo wazi. Julai 2020 Juventus walimtangaza kocha wa timu yao ya vijana wa chini ya miaka 23. Siku tisa baadaye, kabla hajafundisha mechi hata moja, wakampa timu ya kwanza. Kidato hakukikanyaga, alipandishwa kwa winchi. Na Mei 19, 2021, fainali ya Coppa Italia, aliyekuwa benchi la upande wa pili ni nani? Gasperini na Atalanta yake. Pirlo alishinda 2-1. Mimi nililala na njaa siku ile. Lakini kamilisheni hadithi: Juventus waliokuwa mabingwa wa Italia miaka tisa mfululizo walimaliza wa nne, na mwezi huo huo wa Mei Pirlo akafukuzwa. Baadaye alikwenda Uturuki, kisha Sampdoria katika Serie B, akaanza kuchonga chini kile alichokirukia juu. Simcheki. Namheshimu zaidi kwa kushuka.

Turudi 2016. Gasperini anafika Atalanta, Bergamo, na katika mechi tano za kwanza za ligi anapoteza nne. Nne! Hapa kwetu angeshapelekewa karatasi. Rais wa timu, Antonio Percassi, ambaye zamani aliichezea Atalanta hiyo hiyo, akamwacha. Na Gasperini akafanya nini? Mtu aliye karibu kufukuzwa huwarudia wazee, anacheza kwa woga. Yeye akawarudia watoto. Dhidi ya Napoli, Oktoba 2, aliwapanga kina Caldara, Conti, Gagliardini, na yule kijana wa Ivory Coast, Franck Kessié, miaka 19. Wakashinda 1-0. Msimu ukaisha Atalanta ikiwa nafasi ya nne. Baada ya hapo wakamaliza wa tatu mara tatu mfululizo, 2019 hadi 2021, wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nani mwingine angethubutu kuikabidhi shingo yake kwa vijana? Ni mtu aliyekaa miaka tisa akiwatazama machoni.

Na bado taji hakuwa nalo. Fainali za Coppa Italia alipoteza tatu: 2019, 2021, na ya mwisho Mei 15, 2024. Siku saba baada ya kipigo hicho ndiyo ile Dublin. Miaka 66. Atalanta haikuwa imegusa kombe kubwa tangu 1963, mimi na yeye tukiwa na miaka mitano.

Sasa nikisimama hapo mtadhani nawauzia mtakatifu, nami sitaki kuwadanganya. Ni mtu mgumu. Mwaka 2020 aligombana na kapteni wake mwenyewe, Alejandro Gómez, hadi kapteni akaondoka. Na Februari 2025 Atalanta walipotolewa Ligi ya Mabingwa na Club Brugge ya Ubelgiji, Lookman akiwa amekosa penalti, Gasperini alisema hadharani kwamba Lookman ni mmoja wa wapigaji penalti wabovu zaidi aliowahi kuwaona. Lookman! Aliyempa lile kombe kwa mabao matatu, mchezaji bora wa Afrika wa 2024! Kijana akajibu kwamba ameumia na kwamba amekosewa heshima. Alikuwa na haki. Nilipolisoma nilimwona mwenzenu na yule kipa chini ya mwarobaini. Kumbe mtu anaweza kupanda vidato vyote, akafika kileleni, akatimiza miaka 67, na mdomo ukabaki kule kule chini. Kwa hiyo msiniambie, "Hata Gasperini hufoka." Pale alipofoka alikosea, na tofauti ni kwamba aliyefokewa ni mtu mzima mwenye kombe nyumbani. Yule wetu ana miaka 12.

Najua jibu lenu jingine, nalo lina ukweli: Italia ngazi zimejengwa. Juu Serie A na B, chini yake Serie C makundi matatu, Serie D makundi tisa, halafu Eccellenza, Promozione na mengine hadi Terza Categoria ya vijijini. Kuna Coverciano pale Firenze, kituo cha kufundishia makocha, na hupewi benchi la Serie A bila leseni ya juu kabisa. Hapa kidato cha chini hakikulipi hata nauli ya tuktuk, na kozi ya leseni ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ni pesa ambazo wengi wenu hamna. Kweli. Ninawalaumu wanaosimamia mpira wetu kwa hilo, na nitawalaumu hadi nife: wana pesa za safari za wajumbe na hawana pesa za koni. Ila nanyi msidhani wenzenu wa chini kule Italia wanalala kwenye pamba. Kuanzia Serie D kushuka ni mpira wa ridhaa. Maurizio Sarri, mnayemjua kwa Napoli na Chelsea, mwaka 1990 alianza na Stia, timu ya Seconda Categoria, ngazi moja tu juu ya ile ya vijijini, mchana akiwa mfanyakazi wa benki. Mchana benki, jioni uwanjani, miaka na miaka.

Mengine nawatajia tu, mtayajaza wenyewe. Andikeni mkataba hata kama mwajiri ni mjomba wenu. Msiguse nauli ya watoto. Jifunzeni kumfunga mtoto bandeji kabla ya kujifunza mifumo. Msimpange mtoto wa mfadhili. Pombe jioni ya mechi, hapana. Aliyeondoka kwenu kwenda timu nyingine, msalimieni. Na mnapoitwa na timu kubwa, nendeni, ni riziki yenu, sijakataa, lakini malizeni kipindi cha pili.

Wewe uliyeondoka na boda boda, nakujua unasoma hapa. Nilikufundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto pale nyuma ya shule, ulikuwa unalia, nami nikakununulia maji ya miwa. Nimesikia ile timu bado haijakupigia simu ya pili. Usione haya kurudi. Mlango wa nyumba yangu unaujua.

Yule kipa alikuja Jumanne. Hakusema kitu, alisimama karibu na goli akingoja nimwone. Glavu zake zilikuwa kwangu, yule mama wa mahamri alizifua akaniletea. Tulianza na mipira ya chini, ile ya katikati ya miguu, hadi adhana ya magharibi.

Jumamosi hii niko pale pale, saa tisa. Koni ninazo kumi na mbili, mipira minne, mmoja unavuja. Watoto wamejiandikisha 43, na kocha ni mimi peke yangu na goti langu. Atakayekuja aje na filimbi yake, na mwenye pampu asiisahau.

Ni mimi mzee wenu,
Malindi